Seaford hadi Eastbourne kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Kuyaona Magenge Meupe Bila Kukwama Njiani

Kila mwaka, Mei hadi Septemba, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wenzetu wanaoishi London, Reading na Leicester, au waliokuja Uingereza kutembelea ndugu: “Tulikwenda Eastbourne kuyaona yale magenge meupe. Tukafika saa saba mchana, tukatembea gatini, tukala chipsi. Kuuliza, tukaambiwa magenge yenyewe yako mbali. Tukarudi.”

Wengine waliyafikia magenge, lakini jua likawazamia njiani. Wengine walishuka ufukweni, maji yakawajia. Nimewauliza walivyopanga safari zao, na makosa ni yale yale matatu: walianzia upande usiofaa, walichelewa kuanza, na hawakuangalia saa za maji kujaa na kupwa.

Huu hapa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoongozana na watu wetu. Njia ina kilomita 22 hivi, juu ya magenge ya Sussex, pwani ya kusini ya Uingereza. Inaanzia mji mdogo wa Seaford, inapita juu ya vilima vya Seven Sisters na mlima wa Beachy Head, inaishia Eastbourne. Ukijumlisha vilima vyote, utapanda zaidi ya mita 500. Mtu mzima mwenye afya huchukua saa saba hadi nane pamoja na mapumziko. Kama huwezi, usikate tamaa: karibu na mwisho nimeeleza njia fupi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

Viatu. Viwe na soli yenye meno. Njia ni ya chaki, lile jiwe jeupe la magenge; ikilowa huteleza kama sabuni, na kushuka ndiko kunakoangusha watu kuliko kupanda. Raba za kawaida zinatosha siku kavu za kiangazi. Sandali, ndala na viatu vya ngozi viache nyumbani.

Koti la kuzuia upepo na mvua, hata kama asubuhi London ni joto. Juu ya magenge hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Akina mama, mtandio ubanwe kwa pini, na vazi la juu lisiwe refu la kukanyagika. Upepo wa huko hulivuta dera kama tanga.

Maji lita mbili kwa kila mtu. Sehemu kubwa ya njia haina bomba wala duka.

Chakula cha mchana. Mimi hubeba chapati mbili, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Kikoi pia, cha kukalia.

Simu iliyojaa chaji na pawabanki. Pamoja nayo chukua ramani ya karatasi, ile ya Ordnance Survey iitwayo OL25, inayoonyesha eneo lote hili.

Kadi ya benki ya kugusa, kwa ajili ya basi. Kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London, haifiki huku.

Saa za maji kujaa na kupwa za siku hiyo. Tafuta za Newhaven au Eastbourne, uziandike kwenye karatasi. Sababu utaiona hatua ya 2.

Mafuta ya kukinga jua na kofia inayobana. Usidhani ngozi yetu haiungui. Upepo hukudanganya kwamba hakuna jua, jioni uso unakuwaka.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Angalia mambo mawili: urefu wa mchana na upepo.

Mwishoni mwa Desemba jua huzama saa kumi alasiri hivi. Katikati ya Juni huzama saa tatu usiku na dakika chache. Kwa hiyo safari nzima ya kilomita 22 ifanye kati ya Aprili na Septemba. Kuanzia Novemba hadi Februari fanya nusu yake tu.

Tazama utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, usiku wa kuamkia safari. Nikiona upepo wa kufika maili 35 kwa saa au zaidi, naahirisha, hata kama tikiti zimeshalipwa. Ukungu vilevile. Bahari inaweza kuleta ukungu mzito kwa muda mfupi, na juu ya genge lisilo na uzio ukungu ni jambo la hatari. Wengi wanafikiri kuna seng'enge pembeni mwote. Hakuna.

*Utajua uko tayari:* una siku yenye mwanga wa saa kumi na mbili au zaidi, upepo wa wastani, na siku ya akiba kama hali ya hewa ikibadilika.

## Hatua ya 2: Yajue maji

Sisi tuliokulia pwani tunajiamini sana kwenye jambo hili, na ndiyo maana nalirefusha. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeijua bahari tangu utotoni. Lakini bahari ya huku ina kimo chake. Kwetu, Mombasa na Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, yaani maji makubwa kupita kawaida, ni mita tatu hadi nne hivi. Eastbourne hupita mita sita. Muda wa kujaa ni ule ule wa kama saa sita, basi maji mengi zaidi yanapaswa kuingia ndani ya muda huo huo. Yanapanda kwa kasi.

Bibi mmoja wa kwetu tuliyemchukua mwaka jana alikaa juu ya kokoto za Birling Gap, ufuko ulio kati ya Seven Sisters na Beachy Head, akiyatazama maji. Akaweka kijiwe cheupe ukingoni mwa maji. Kabla hajamaliza kikombe cha chai, kijiwe kilikuwa kimeshamezwa, na maji yalikuwa yanagusa kikoi chake. Akaniambia, “Mwanangu, hapa si Raskazone,” yaani pwani yetu ya Tanga.

Tatizo haliishii kwenye kasi. Kwetu maji yakijaa unarudi nyuma, unapanda mchangani. Hapa nyuma yako kuna ukuta wa chaki uliosimama wima. Kutoka mlango wa mto Cuckmere mpaka Birling Gap, kilomita nne hivi, hakuna pa kupandia. Kutoka Birling Gap mpaka Cow Gap, karibu na Eastbourne, hakuna pia.

Mimi mwenyewe lilinipata. Mwaka wangu wa pili Uingereza tulishuka Cow Gap watu watatu, tukatembea juu ya miamba kuufuata mnara wa taa ulio chini ya Beachy Head. Maji yalikuwa yamepwa kabisa, miamba mikavu, tukaona tuna mchana mzima. Hatukujua kwamba tulifika pale maji yalipokuwa yanageuka. Tukarudi maji yakiwa magotini, mawe yakisogea chini ya miguu, tumeshikana mikono. Mwenzetu mmoja alipoteza kiatu. Tangu siku ile nina kanuni mbili, nakuomba uzishike:

Shuka ufukweni maji yakiwa bado yanapwa, na uwe umeshapanda kurudi kabla hayajageuka.

Njia yako ni ya juu. Kamwe usitumie ufuko kama njia ya mkato ya kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bamvua linapokuwa kubwa, ongeza tahadhari.

*Utajua umeelewa:* unaweza kumwambia mwenzako, bila kutazama simu, maji yatapwa kabisa saa ngapi siku hiyo.

## Hatua ya 3: Fika Seaford kufikia saa tatu na nusu asubuhi

Panda treni kutoka stesheni ya London Victoria, badilisha Lewes, kisha chukua treni ya Seaford. Safari ni kama saa moja na nusu ikiwa muunganiko wa Lewes ni mzuri. Kumbuka tikiti na mbao za stesheni zinaandika saa kwa mtindo wa 24: saa tatu na nusu yetu ni 09:30 yao.

Tikiti imewaponza wengi. Unakwenda Seaford lakini unarudi kutoka Eastbourne, na hizo ni reli mbili zinazoachana hapo Lewes. Ukinunua tikiti ya kwenda na kurudi Seaford, jioni utajikuta Eastbourne na tikiti isiyofaa. Mweleze mhudumu wa dirishani safari yako yote kabla hajakukatia.

Jumapili hasa, angalia kama reli inafanyiwa matengenezo. Wakiweka mabasi badala ya treni, ongeza saa nzima au ahirisha.

Kwa nini tuanzie Seaford, si Eastbourne? Kwanza, upepo wa pwani hii mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo ukielekea mashariki unakusukuma mgongoni. Nimeitembea njia hii kinyume mara moja tu. Kilomita 22 upepo ukikupiga usoni zinakuwa kama 30. Pili, mwisho wa safari unafika kwenye mji wenye chakula, vyoo na treni za mara kwa mara. Hasara ipo moja na ni ya wapenda picha: magenge yanatazama kusini-magharibi, asubuhi yako kivulini kidogo. Yanang'aa zaidi alasiri. Mimi nimekubali hasara hiyo.

*Utajua umefanikiwa:* saa tatu na nusu umetoka stesheni ya Seaford, umekwenda chooni, na dakika chache baadaye unaiona bahari.

## Hatua ya 4: Panda Seaford Head

Ukifika ufukweni, geuka kushoto, bahari iwe mkono wa kulia. Itabaki kulia kwako karibu siku nzima. Ukiiona iko kushoto, umepotea.

Usishuke kuoga hapa. Ufuko wa Seaford ni wa kokoto na umeinama ghafla. Hatua mbili tu miguu haifiki tena chini, na wimbi la kurudi huvuta kokoto pamoja na miguu yako.

Mwisho wa barabara ya ufukweni njia inapanda kilima kando ya uwanja wa gofu. Usikimbie. Hiki ni kilima cha kwanza, na watu wengi hujichosha hapa kwa furaha. Wape wachezaji gofu nafasi, na fuata njia iliyokanyagwa.

Ukishapita kilele, njia inashuka taratibu kuelekea Hope Gap, na hapo ndipo Seven Sisters zote zinapojitokeza: vilima saba vimepangana, kila kimoja kimekatwa upande wa bahari kama andazi lililopasuliwa kwa kisu. Endelea mpaka kwenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani, ziitwazo Coastguard Cottages. Picha maarufu ya Seven Sisters hupigwa kutoka hapa. Piga yako, ukiwa mbali na ukingo.

*Utajua umefanikiwa:* saa tano hivi uko kwenye nyumba hizo, na mto Cuckmere uko chini mbele yako.

### Ukingo: tafadhali soma hapa taratibu

Simama hapa, utazame magenge ya ng'ambo. Angalia majani ya juu kabisa. Utaona sehemu ambapo udongo na majani vimening'inia hewani, kama upindo wa shuka uliotokeza nje ya kitanda, na chini yake hakuna kitu. Ukiwa juu ya upindo ule unaona majani ya kijani tu, imara, yenye maua. Hujui kwamba umesimama hewani.

Chaki ni jiwe laini. Okota kipande, kisugue kwa kidole gumba: unga mweupe unabaki mkononi. Mvua inaingia kwenye nyufa zake, baridi inazipanua, mawimbi yanakula chini. Genge linaanguka bila kutoa ishara, kiangazi na masika, tani kwa tani.

Juni 2017 msichana mwanafunzi kutoka Korea Kusini alifariki kwenye magenge haya. Alikuwa anapigwa picha, akaruka juu karibu na ukingo ili picha ipendeze. Nawaeleza kisa hiki vijana wote ninaoongozana nao, kwa sababu kila ninapopita naona mtu mwingine amekaa ukingoni akining'iniza miguu.

Kanuni yangu ni hatua kumi ndefu kutoka ukingoni, kwa kila mtu, muda wote. Watoto washikwe mkono. Kofia ikipeperuka, iache iende. Na ukiwa chini ufukweni, usikae wala kutandika kikoi karibu na mguu wa genge. Kinachoanguka kinaangukia pale.

## Hatua ya 5: Zunguka mto, usiuvuke

Hapa ndipo watu wanapojaribu njia ya mkato. Unauona mlango wa mto, unaonekana mwembamba, na ng'ambo kuna kilima cha kwanza cha Seven Sisters. Maji yakipwa kuna wanaovua viatu na kuvuka. Usifanye hivyo. Mkondo ni mkali, chini kuna tope na mawe yanayoteleza, na maji ni ya baridi hata Julai.

Fuata njia ya kando ya mto kuelekea bara, kilomita mbili hivi, mpaka daraja la Exceat. Barabara inayopita juu ya daraja ina magari mengi, basi mpite mmoja mmoja. Ng'ambo kidogo ni kituo cha wageni cha Seven Sisters Country Park.

Pumzika hapa. Nenda chooni hata kama huhisi haja. Kula nusu ya chakula chako na unywe maji ya kutosha, maana sehemu ngumu inaanza. Kituo cha basi nambari 12, linalokwenda Brighton upande mmoja na Eastbourne upande wa pili, kiko hapa hapa. Kama kuna mwenzenu magoti yanauma, mwambie ukweli sasa na mpandisheni basi. Mbele ya hapa kumsaidia ni kazi ngumu zaidi. Si aibu, mtakutana naye Eastbourne.

*Utajua umefanikiwa:* saa sita na robo mchana unaondoka Exceat umeshiba, na kila mtu amesema kwa kinywa chake kwamba anaendelea.

## Hatua ya 6: Seven Sisters, mpaka Birling Gap

Vuka barabara, fuata alama za South Downs Way, njia ndefu ya waenda kwa miguu, kurudi kuelekea baharini, mto ukiwa kulia kwako. Njia itakupandisha Haven Brow, dada mkubwa kati ya hao saba, mita 77 juu ya bahari.

Baada ya hapo ni kupanda na kushuka: Short Brow, Rough Brow, Brass Point, Flagstaff Point, na kuendelea. Siri ni kushuka polepole. Mteremko wa kila kilima ni mkali na majani mafupi yanateleza. Shuka kwa pembe, piga hatua fupi, kunja magoti kidogo. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza nao. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Funga kila lango unalofungua. Kuna kondoo, na mwenye kondoo anakutegemea.

Wenye kutaka kuswali adhuhuri, hapa pana uwanja mpana na safi. Kibla kiko kusini-mashariki: ukielekea mashariki na bahari kulia, geuka kidogo upande wa kulia. Tandika katikati ya nyasi, mbali na ukingo.

Jambo jingine la hapa ni simu. Kwenye sehemu hii ya pwani simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo, wa Ufaransa. Ghafla unapata ujumbe wa kukukaribisha Ufaransa, na saa ya simu inasogea mbele saa nzima. Nimeona watu wakitimua mbio wakidhani treni imewaacha. Zima matumizi ya mitandao ya nje na uzuie simu isijibadilishe saa yenyewe kabla hujaanza safari. Saa ya mkononi ni bora zaidi.

Kilima cha mwisho kinakushusha Birling Gap. Kuna ngazi za chuma za kushukia ufukweni, ambazo hufungwa mara kwa mara pale genge linapomomoka. Zikiwa wazi, toa karatasi yako ya maji. Yanapwa? Shuka nusu saa. Yanajaa? Baki juu. Kwa kawaida hupatikana vyoo na chai hapa, lakini bahari inaikula sehemu hii na majengo yamekuwa yakibomolewa moja baada ya jingine. Usiweke matumaini yote ya chakula hapa.

*Utajua umefanikiwa:* saa nane na nusu mchana uko Birling Gap, maji yako ya kunywa yamebaki angalau nusu lita. Ikiwa imeshafika saa kumi na moja jioni nawe ndio kwanza unafika, na si Juni wala Julai, ishia hapa utafute usafiri.

## Hatua ya 7: Belle Tout na Beachy Head

Panda tena. Mnara mfupi ulio juu ya kilima ni Belle Tout, mnara wa taa wa zamani. Mwaka 1999 jengo lote lilisukumwa mita 17 kurudi nyuma ili lisianguke baharini. Ukilipita, lipime kwa macho umbali wake na ukingo, utaelewa kwa nini nashikilia hatua kumi.

Kutoka hapo ni mpando mrefu, wa taratibu, mpaka Beachy Head, mita 162, genge la chaki refu kuliko yote Uingereza. Chini yake, ndani ya maji, umesimama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe. Mnara ule una urefu wa mita 43, lakini kutoka juu unaonekana kama mshumaa. Wengi husogea ukingoni ili wauone vizuri. Huna haja: unaonekana vizuri zaidi ukiwa bado unapanda, ukitazama mbele.

Mkipata ajali popote kwenye njia hii, piga 999 na useme unataka Coastguard, walinzi wa pwani. Taja jina la kilima au sehemu ya mwisho uliyopita. Usishuke kumfuata aliyeanguka. Na ukimwona mtu yuko peke yake karibu na ukingo na hali yake inakutia wasiwasi, msalimie, zungumza naye kwa upole, na upige nambari hiyo hiyo. Kupiga bure ni afadhali kuliko kunyamaza.

*Utajua umefanikiwa:* saa kumi kasorobo uko juu, na mji wa Eastbourne umetandazika mbele yako na gati lake.

## Hatua ya 8: Shuka mjini

Fuata njia ya South Downs Way mpaka inapokutoa barabarani, chini ya kilima, upande wa Meads. Mteremko wa mwisho ni mkali na miguu imechoka; wengi huteguka hapa, wakiwa wameshaanza kushangilia. Nenda taratibu.

Kisha ni barabara ya waenda kwa miguu kando ya bahari, tambarare, kilomita tatu hivi mpaka gatini. Utapita jukwaa la muziki lenye kuba la buluu. Kuingia gatini ni bure. Chipsi na samaki zipo tele, ila uzile ukiwa umeegemea ukuta na mkono mmoja juu ya chakula, kwa sababu shakwe wa hapa hunyakua kipande kutoka mkononi bila hata kutua.

Wanaotaka kuoga: fanyeni hivyo kiangazi tu, kati ya bendera nyekundu-na-njano, penye walinzi. Bendera nyekundu tupu maana yake usiingie. Mfuko wa rangi ya machungwa unaopepea mlingotini maana yake upepo unavuma kuelekea baharini, basi maboya na maboti ya kujaza hewa yasiingizwe majini. Maji hapa hufika nyuzi 17 au 18 mwezi Agosti, wakati ya kwetu ni nadra kushuka chini ya 25. Mwili uliozoea Bahari ya Hindi hushtuka, pumzi hukata, na hata muogeleaji hodari huanza kumeza maji. Ikikutokea, usipambane. Lala chali, masikio yawe ndani ya maji, nyosha mikono, elea mpaka pumzi irudi, ndipo uite msaada au uogelee. Ingia polepole, ulowanishe kifua na shingo kwanza.

*Utajua umefanikiwa:* saa kumi na moja na robo uko gatini, una njaa, na treni bado zipo nyingi.

## Njia fupi kwa wenye watoto na wazee

Shuka Eastbourne au Brighton, panda basi nambari 12, teremka Seven Sisters Country Park. Kutoka hapo kuna njia tambarare, kilomita mbili hivi, kando ya mto unaojipinda kama nyoka, mpaka ufuko wa Cuckmere. Gari la mtoto linapita sehemu kubwa ya njia, kabla ya kufika kwenye kokoto. Utayaona magenge kwa karibu bila kupanda hata kilima kimoja. Kaeni katikati ya ufuko, mbali na mlango wa mto na mbali na mguu wa genge. Rudini kwa njia ile ile, mchukue basi la Eastbourne, mmalizie gatini.

Wikendi na siku za kiangazi huwa kuna basi la 13X linalopita Birling Gap na Beachy Head. Hilo linamfaa mzee anayetaka kuona kilele bila kutembea. Angalia ratiba ya siku yenyewe, kwa maana hubadilika kwa msimu.

Siku ikiwa ya mvua kubwa, badala ya kurudi nyumbani, ingieni jumba la sanaa la Towner pale Eastbourne. Watoto wanakaribishwa, ila Jumatatu hulifunga.

## Ukiwa kwenye treni ya kurudi

Kutoka gatini hadi stesheni ya Eastbourne ni mwendo wa robo saa. Badilisha soksi kabla ya kupanda treni. Hili dogo linaokoa safari ya saa moja na nusu. Viatu usivioshe usiku ule. Tope la chaki likiwa bichi na ukalisugua kwa maji, linapenya kwenye nyuzi na kubaki na weupe. Liache likauke mpaka asubuhi, gonga soli nje ya mlango, kisha piga brashi kavu. Linatoka lote.